Kubuni bodi ya kufuatilia sola Uganda: anza na upande wa umeme

Ukitaka kujua kama kampuni ya kubuni vifaa vya elektroniki inaiweza kazi, omba kwanza mchoro wa sehemu inayopokea umeme. Processa inanunulika na mifano ya programu imejaa intaneti, lakini sola ya zahanati kule Moroto haimwachii aliyekisia.

Uganda ina historia ya kujivunia katika fani hii. Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, mwaka 2011, na mwaka 2016 likaja Kayoola, basi la sola la abiria 35. Magari ndiyo yaliyopigwa picha. Kwa maoni yangu, kazi kama ya Innovex ya Kampala, yenye mfumo wa Remot wa kufuatilia mitambo ya sola kwa mbali, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana kifaa cha aina hiyo hukaa peke yake kijijini, mbali na fundi.

Chukua bodi ya namna hiyo, yaani ubao wa saketi ulio ndani ya kifaa. Betri inaitwa ya volti 12, ila ikichajiwa hufika 14.4, na paneli yake isipokuwa na mzigo hutoa volti 21 hadi 22. Waya wa betri ukilegea au ukipata kutu, chaja ya bei nafuu huweza kuiachia volti za paneli zipite moja kwa moja hadi kwenye bodi. Kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi) ya volti 16 hapo huvimba na kupasuka. Weka ya volti 50, iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, kwa sababu boksi lililo chini ya bati huchemka mchana, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita karibu nusu. Pale umeme unapoingia kwenye bodi tanguliza fyuzi ya ampea 2, kisha diodi ya TVS, yaani ya kuzuia mipigo ya ghafla ya volti, mfano SMBJ24A, ambayo hubana mpigo kwenye volti 39 hivi. LM2596 inayofuata, chipu ya kushusha volti, huvumilia 40. Fundi akigeuza chanya na hasi, TVS hiyo hiyo hupitisha mkondo na fyuzi hukatika, bodi ikabaki salama.

Tatizo linalopoteza muda kuliko yote ni la moduli ya simu, ile inayotuma data kupitia mtandao. SIM800L, mojawapo ya moduli hizo, hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo ya mikrosekunde 577. Njia ya shaba ikiwa nyembamba, au kapasita ikiwa mbali, volti hushuka chini ya 3.4 na moduli hujizima. Kampala, karibu na mnara, moduli hutuma kwa nguvu ndogo na kila kitu huonekana sawa. Ikifika kijijini inabidi itume kwa nguvu zote, ndipo inaanza kukatika. Watu hulaumu mtandao, wanatoa laini ya MTN na kuweka ya Airtel, na hakuna kinachobadilika. Multimita nayo haitasaidia, kwani husoma wastani tu. Tumia osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyopanda na kushuka kila wakati.

Dawa yake: rekebisha LM2596 itoe volti 4.0, weka kapasita ya mikrofaradi 1000 yenye ukinzani mdogo wa ndani karibu kabisa na mguu wa umeme wa moduli, ongeza ya nanofaradi 100 pembeni, na uchore njia ya upana wa milimita 2 au zaidi. Upande wa chini wa bodi ujaze shaba ya hasi bila kuikatakata. KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi, inatosha kabisa kwa kazi hii.

Waya mrefu wa sensa unaotoka nje ya jengo nao upewe TVS yake, maana radi si lazima ipige nyumba ili iunguze kifaa. Na kwa kuwa bodi ina redio, panga mapema idhini ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Kabla ya kukubali kazi, dai majaribio mawili yafanyike mbele yako: bodi ilishwe volti 22 kwa saa nzima, halafu itume data mfululizo mahali penye mtandao hafifu huku osiloskopu ikiwa kwenye mguu wa moduli. Mstari ukishuka chini ya 3.4 hata mara moja, usilipie bado.