Poda ya bakteria, vifaranga 200 na ujinga wangu wa ndoo moja

Batchi yangu ya kwanza ilikuwa vifaranga 200 wa kuroila, aina ya kuku chotara, na siku ileile nilivyowashusha nikafanya wanachofanya wengi huku kwetu, antibayotiki kwenye maji eti kuwakinga. Muuza dawa akaniambia chukua na probayotiki, yani poda ya bakteria wazuri wa tumboni, nikachukua, afu mi kwa akili zangu nikavikoroga vyote kwenye ndoo moja. Yani nimenunua bakteria hai kwa hela yangu nikawatumbukiza kwenye dawa ya kuua bakteria! Na maji yenyewe ya bomba, klorini inanukia balaa.

Siku ya nne wakaanza kuzubaa, mabawa chini, mavi yamegandia nyuma mpaka tundu limeziba, nikawa nakesha na pamba na maji ya uvuguvugu nasafisha mmoja mmoja. Walikufa 31.

Ndo nikaanza kusoma. Kifaranga akitotolewa na mama anadonoa vumbi na mavi ya mama yake toka siku ya kwanza, utumbo unapata wenyeji mapema. Huyu wetu wa mashine mama hamjui, anatoka sehemu iliyopigwa dawa kila kona, utumbo wake ni kama daladala tupu stendi, anayewahi ndo anakaa, sasa akiwahi salmonela, bakteria mbaya wa ugonjwa, umekwisha. Mwaka 1973 watafiti wa Ufini, Nurmi na Rantala, walitoa matokeo yao: walichukua vitu vya ndani ya utumbo wa kuku wakubwa wakawalisha vifaranga, salmonela ikakosa pa kushika. Hizi probayotiki za pakiti ni wazo lilelile ila limesafishwa, unakuta bakteria kama laktobasilasi, au basilasi ambaye anajifungia kwenye spora ngumu, huyo hata joto la kutengenezea peleti, chakula cha punje, anavumilia.

Na hawakai siti tu, wanatoa asidi, wanaifundisha kinga ya utumbo nani mgeni nani mwenyeji. Ila msije mkaacha chanjo jamani. Kuku ana kifuko kidogo juu ya tundu la kinyesi, kinaitwa bursa, seli zinazotengeneza kingamwili zinakomaa humo, na Gumboro, ugonjwa wa virusi, inashambulia hapohapo. Hakuna poda itakayokuzuilia Gumboro.

Siku hizi maji nayaacha usiku kwenye beseni wazi klorini ipungue, asubuhi nakoroga poda kidogo ya kuisha ndani ya masaa machache, antibayotiki mpaka daktari wa mifugo aseme. Batchi ya tatu wamekufa 9. Siwezi kuipa poda sifa zote maana na bruda, chumba cha joto cha kulelea vifaranga, nilirekebisha, mwanzo usiku jiko lilikuwa linazima mi nimelala.

Jirani yangu yeye kasikia habari zangu akaanza kuwapa wake mtindi, anasema si bakteria walewale. Kweli laktobasilasi wapo humo, sibishi, ila nimepita jana kwenye bruda yake, maranda yameloa chapachapa na inzi wamejaa mpaka vifaranga huwaoni.