Punje 1,960

Bibi alinipa noti ya shilingi elfu moja nikanunue mchele kilo. Nikarudi na punje 1,960 ambazo hakuna mtu pale nyumbani aliyeweza kuziona.

Ilikuwa Aprili 2008, Tanga, masika yamekolea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutumwa. Sasa, njiani kwenda dukani palikuwa na intaneti kafe ya kompyuta sita, mia tano kwa nusu saa, na mwenzangu wa shule alikuwa ameshanionyesha mchezo unaoitwa Freerice. Unaletewa neno la Kiingereza na maana nne, unabofya moja. Ukipatia, enzi zile punje 20 za mchele zilikuwa zinakwenda kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na anayelipa ni mwenye tangazo linalotokea hapo hapo kwenye ukurasa. Pembeni kuna picha ya bakuli la mti. Kila ukipatia, punje zinaongezeka.

Niliingia kwa nusu saa tu. Wallahi, nusu saa tu.

Lakini mkongo wa baharini ulikuwa bado haujafika kwetu, intaneti ilikuwa ya satelaiti, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Unabofya, unasubiri, unajinyoosha, ndipo bakuli linapata kitu. Ukipatia mara tatu mfululizo unapanda ngazi, ukikosa mara moja unashuka. Mimi niliyejiona bingwa wa Kiingereza nikawa napanda nateleza, napanda nateleza, na mtu anayeteleza hawezi kuondoka. "Alms", yaani sadaka, nikapatia. "Winnow" nikakosa, nikidhani ina undugu na "win", kushinda, kumbe ni kupeta. Umeme ulipokatika, hesabu ilikuwa imesimama kwenye 1,960 na saa nzima ilikuwa imepita. Kijana wa kaunta akachukua noti yote.

Bibi alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Mume wangu, mchele uko wapi?"

"Nimetoa sadaka, bibi."

"Umempa nani?"

"Wenye njaa."

"Wa Kigoma?" Alikuwa msikilizaji wa redio, habari za wakimbizi wa Burundi na Kongo waliokuwa wakilishwa kule makambini alizijua kuliko mimi. Nikamwambia hapana, nimesoma kwamba mchele wa mwanzo ulikwenda Bangladesh, kwa wakimbizi waliotoka Myanmar. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo elfu yangu imefika Bangladesh."

"Elfu ameichukua mwenye kompyuta, bibi. Mchele unanunuliwa na watu wa matangazo."

"Mimi na wewe tumetoa nini?"

Sikuwa na jibu. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaenda kwa jirani na kurudi na kibaba cha mchele wa kukopa. Akauweka kwenye ungo, akaupeta, pumba zikaruka, akachambua mawe mawili matatu. Kisha akanisogezea ungo pamoja na kikombe cha kahawa kisicho na mkono.

"Umesema ngapi?"

"Elfu moja mia tisa na sitini."

"Zihesabu."

Umeme ulikuwa haujarudi. Nilikaa mkekani mbele ya chemli nikawa napanga mafungu ya punje ishirini ishirini, kila fungu jibu moja nililopatia. Punje zilizovunjika zikanitia mashakani. Nikamuuliza kama zinahesabiwa, akasema niwaulize Bangladesh. Nilianza magharibi, na adhana ya isha ikanikuta kwenye fungu la mwisho, la tisini na nane.

Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba mchezo ule aliuanzisha Mmarekani, John Breen, mkazi wa Indiana, Oktoba 2007, alipokuwa akimsaidia mwanawe kujifunza maneno ya mtihani wa kuingia chuo. Siku ya kwanza zilipatikana punje 830. Nilikuwa kwenye daladala, nikacheka mpaka jirani yangu wa kiti akanitazama. 830 naijua kwa vidole: ni pale shingo inapoanza kukaza na mbu wameshagundua ulipo. Mwaka 2009 mwenyewe aliukabidhi mchezo kwa shirika lile lile la chakula, na watu waliendelea kuucheza. Mimi pia niliucheza tena, chuoni, ambako kompyuta zilikuwa za bure.

Basi usiku ule punje zangu zote 1,960 nikazimimina kwenye kikombe cha kahawa. Hazikufika ukingoni.

Bibi alichungulia, akakitikisa ziketi vizuri. "Sadaka nzuri," akasema, bila kejeli ninayoikumbuka. Akapika kibaba chote kilichobaki kwa tui la nazi. Kikombe changu akakipika peke yake, kwenye kisufuria kidogo cha maziwa, akaniwekea kwenye sahani ya chai na kijiko kimoja cha maharage juu.

Yakatoka matonge manne.