Kwaya ya mama: kutoka televisheni hadi laptopu bila waya

Kwaya anayoimbia mama hapa Lubumbashi ilirekodiwa na stesheni ya jijini, na kipindi kilipangwa kurushwa Jumapili. Nilitaka kibaki kwetu, wajukuu waje wakione. Ila siku hiyo sebule ingejaa wanakwaya na majirani wa Katuba, kwa hiyo laptopu ilibidi ikae chumbani, nyuma ya ukuta mnene wa matofali ya kuchoma. Waya mlangoni mama aliukataa: wazee wangejikwaa.

Nikatafuta kirusha picha, yaani kisanduku kimoja cha kurusha na kingine cha kupokea. Vipo vya masafa ya 2.4 GHz na vya 5.8 GHz. Vya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini hapo hapo ndipo inapopita Wi-Fi na Bluetooth, na mtaani kwetu kila nyumba ina simu inayogawa intaneti. Nilichukua cha 5.8, nikakipandisha juu ya kabati kikiwa kinatazamana na mlango wa chumba, maana mawimbi yake hayapendi matofali. Picha ikatulia.

Kuunganisha kirusha na dekoda nilitumia matundu ya AV: la manjano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. HDMI ina picha safi zaidi, lakini mara nyingi huwa na HDCP, kinga inayozuia kunakili, na hapo kifaa cha kunasa video huonyesha weusi mtupu. Hakikisha tundu limeandikwa OUT. Televisheni nyingi zina AV za kuingizia tu.

Chumbani nilichomeka kipokezi kwenye kifaa cha USB cha kunasa video, nikafungua OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi video. Nilichagua mfumo wa picha wa PAL, nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Mikono ya mwongoza kwaya ilitoka na meno-meno kila alipoipunga, kwa sababu kila picha huja kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri. OBS ina mpangilio wa kuziunganisha. Niliuwasha, meno yakaisha.

Ninachokisisitiza kuliko vyote ni kurekodi kwa faili la aina ya MKV. Faili la MP4 la kawaida hukamilishwa mwishoni, hivyo umeme ukikatika na betri ya laptopu imechoka kama yangu, unaweza kupoteza kipindi kizima. MKV hukuachia kila kilichokwisha kunaswa, na baadaye OBS yenyewe huligeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora hata kidogo.

Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ya kipindi inakaribia GB 1. Flashi nyingi huwa za FAT32, mpangilio wa kuhifadhi usiopokea faili linalozidi GB 4; letu liko chini ya hapo, kwa hiyo wanakwaya wote walioomba nakala wamepata. Nakala iliyobaki ni ya yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, aliye Kolwezi. Mama anataka ipelekwe na mtu anayesafiri wiki hii.