Siku moja maishani mwangu: Tokyo kwa miguu, bila kutoa hata yeni

Saa 11 alfajiri

Simu inalia. Leo ni alamu tu, si mteja. Nafanya kazi kwenye ofisi inayouza magari yaliyotumika hapa Tokyo, upande wa Kiswahili, na wateja wangu hupenda kunikumbuka saa hizi kwa sababu Dar ndiyo kwanza saa 5 usiku. Ila leo kazi yangu iko barabarani. Mzee mmoja wa Machame, mteja wa siku nyingi, amekuja mwenyewe kuchagua mzigo. Ameshalipia Noah mbili na Ist tatu, na ndege yake ni kesho. Bosi alinituma kwa maneno machache: mtembeze mteja. Bajeti hakuna.

Saa 12:30

Asakusa, jua ndio linachomoza. Baridi ya mwisho wa Novemba, na mzee kavaa makoti mawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nakwambia mapema, hela yangu yote iko kwenye magari."

Nikamwambia hata mimi sina, twende hivyo hivyo.

Hekalu la Sensoji halina kiingilio, na wakati huu maduka ya njiani bado yamefungwa, kwa hiyo hakuna wa kukushawishi. Kwenye lango la Kaminarimon linaning'inia fanusi la karatasi nyekundu, urefu karibu mita 4, uzito kilo 700. Wengi hupiga picha kwa mbele wakapita. Mimi humwambia mgeni asimame chini yake aangalie juu, maana kwenye kitako kuna joka limechongwa. Pembeni yake kuna jina la kampuni. Nikamsomea: Matsushita. Mwenye kampuni hiyo ndiye aliyetoa pesa lango hili likajengwa upya mwaka 1960.

"Matsushita yupi?"

"Wa National, mzee. Panasonic ya sasa."

Akavua kofia. Marehemu baba yake alikuwa na redio ya National, na betri zake zilikuwa zinatengenezwa pale pale Dar. Alikaa chini ya lile fanusi muda mrefu kuliko mtalii yeyote niliyewahi kumleta.

Halafu akatoa ndizi aliyoibeba hotelini, akala, akaanza kutafuta pa kutupa ganda. Hapo ndipo mgeni wa Tokyo anapopata mtihani wake wa kwanza. Mapipa ya taka mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 1995, na watu wakazoea kurudi na taka zao nyumbani. Penye mashine za vinywaji kuna mapipa, lakini ni ya chupa na makopo tu. Ganda likaingia mfuko wa koti.

Saa 2

Nusu saa kwa miguu hadi bustani ya Ueno. Maji ya kunywa bure, vyoo bure na visafi. Mzee alitoka chooni akaulizia mlinzi wa kumlipa yuko wapi. Mazoea ya stendi.

Saa 3:20

Njiani kwenda Ikulu ya Mfalme tulipita Kandabashi, ambapo barabara ya kulipia inapita juu kwa juu kwenye nguzo zake. Mzee akasimama, akainua kidole kama mtu anayesikia adhana kwa mbali.

"Mwanangu, mimi Kijapani najua sentensi moja. Nikiwasha Ist yangu kila asubuhi, yule dada ananiambia: *ETC kaado ga sounyuu sarete imasen*. Kanisalimia hivyo miaka minane. Nami humjibu, asante mama."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Mwenye gari la Japani Afrika Mashariki anaijua sauti hiyo, na sijui ni wangapi wanaojua maana yake. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kama hiyo iliyo juu yetu: unachomeka kadi kwenye kifaa ndani ya gari, unapita getini bila kusimama. Yule dada anasema kadi haijachomekwa.

"Miaka minane ananidai?"

"Ndiyo, mzee."

Saa 4

Bustani za mashariki za Ikulu hufungwa Jumatatu na Ijumaa. Leo Alhamisi, tumeingia kwa lango la Otemon, wakakagua begi langu, basi. Mfuko wa koti hawakuugusa.

Watu huja kwa maua. Mimi nampeleka mtu moja kwa moja kwenye kitako cha mnara wa ngome ya Edo (jina la zamani la Tokyo), mlima wa mawe makubwa yaliyochongwa yakakaana. Juu yake hamna kitu. Mnara uliungua kwenye moto mkubwa wa mwaka 1657 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji, na walipotaka kuujenga tena, Hoshina Masayuki, aliyekuwa na sauti kubwa serikalini, akasema mji kwanza. Haukujengwa tena mpaka leo.

Mzee akapanda hadi juu, akashika kiuno. "Huyo alikuwa na akili. Sisi tungeanza na mnara."

Tukakaa kwenye benchi tukala maandazi niliyoyakaanga jana. Miguu yangu ilianza kulalamika, yake bado.

Saa 7:30

Kutoka Ikulu hadi Uwanja wa Taifa si karibu, nami nilitegemea atachoka aombe treni. Wapi! Alikuwa anahesabu Alphard barabarani.

Uwanja wa sasa, kazi ya Kengo Kuma, una kingo za paa zenye mbao zilizotoka mikoa yote 47 ya Japani, na umesimama pale pale ulipokuwa ule wa Olimpiki ya 1964. Ndani hatukuingia. Hatukuwa na haja. Nilimsimamisha nje nikamwambia: humu ndimo mwanariadha wetu Simbu alimomalizia marathoni, Septemba 2025, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, sawasawa na Mjerumani aliyeanguka kwenye mstari, mpaka picha ikaamua. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Nami asubuhi ile nilikuwa pembeni mwa barabara na kibendera changu, kwa sababu marathoni nayo ni bure kutazama.

Mzee akampigia mama watoto kwa video. Moshi ilikuwa saa 1 na nusu asubuhi. "Unaona huu ukuta? Simbu!" Kisha akaniuliza kama najua Juma Ikangaa alishinda marathoni ya Tokyo 1984 na 1986. Nilijua, ila nilimwacha anisimulie yote.

Saa 9

Msitu wa Meiji Jingu. Miti kama 100,000 iliyochangwa nchi nzima, ikapandwa kwa mikono, hekalu likafunguliwa 1920. Mzee hakuamini kuwa ni msitu wa kupandwa. Alipapasa magamba ya miti mmoja mmoja.

Saa 10:15 jioni

Shinjuku, jengo la Serikali ya Jiji. Unapanga foleni, wanakagua begi, lifti inakurusha hadi ghorofa ya 45, mita 202 juu, na hakuna anayekuomba kitu. Kuna piano ya njano yenye madoadoa, nayo kuipiga ni bure. Anga lilikuwa safi, jua linazama, na Mlima Fuji ukajitokeza mweusi upande wa magharibi.

"Urefu?"

"Mita 3,776."

Mmachame akautazama kwa huruma. "Hapo kwetu Kilimanjaro mgeni ndiyo kwanza kafika kambi ya Horombo, anaomba chai."

Saa 12 jioni

Simu yangu inasema hatua 29,000. Kurudi Asakusa kwa miguu nilikataa, nikanunua tiketi mbili, pesa ya kwanza kutoka leo, na ya mfukoni mwangu. Nilipita getini. Nyuma yangu mlio, geti likajifunga mbele ya mzee. Anapekua koti la kwanza, koti la pili, foleni ya watu wa Shinjuku inarefuka nyuma yake kimya kimya. Mkono ukatoka na ganda la ndizi, jeusi tii.

Akaniangalia, akabana sauti ikawa ya kike:

"*Kaado ga sounyuu sarete imasen.*"