Setilaiti haijui hata kama una TV

Wiki mbili zilizopita mama mdogo alinipigia asubuhi, TV imekataa, skrini nyeusi na maandishi tu kwamba hakuna mawimbi, na fundi aliyepita jana yake alishamwambia dishi limechoka, LNB, kile kifaa kidogo kinachokaa mbele ya dishi, imeungua, king'amuzi nacho kiko njiani kufa, kwahiyo anunue seti nzima upya. Nikamwambia mama mdogo usinunue kitu, nakuja. Nikapanda juu na kisu na konekta moja mpya mfukoni, nikafungua ile konekta inayoingia nyuma ya LNB, maji yakadondoka. Matone mawili matatu hivi. Ule uzi wa shaba wa katikati, mwembamba kama sindano, ulishakuwa wa kijani. Nikakata kebo kama shubiri moja hadi nilipokuta shaba safi, nikamenya, nikafunga ile konekta mpya, nikazungushia utepe wa kuzuia maji, nikaita dirishani "mama mdogo, vipi huko?" akajibu "bado mwanangu... ngoja... imekuja, imekuja, usiguse tena!"

Hicho tu ndo kilikuwa kinataka kumfanya anunue seti nzima. Imenikaa moyoni, na ndo maana naandika hapa, kwa sababu naona watu wengi wana dishi juu ya nyumba miaka na miaka na hakuna aliyewahi kuwaeleza kile kitu kinafanya nini.

Cha kwanza kabisa kuelewa ni kwamba setilaiti haikujui. Haijui una TV, haijui umewasha au umezima, haijui umelipia au hujalipia. Yenyewe ipo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka chini, inamwaga mawimbi juu ya nchi nzima au hata nusu ya bara, na dishi lako linachofanya ni kusikiliza tu, halijibu kitu. Ukilishika hilo, karibu mambo yote mengine ya TV ya setilaiti yanajieleza yenyewe.

Kwa nini iwe mbali hivyo? Kwa sababu setilaiti iliyo chini chini inakimbia sana, ile stesheni ya anga wanakoishi wanaanga inaizunguka dunia kwa kama dakika 90 tu, sasa ukitaka kuifuata na dishi ungeshinda juu ya bati unazungusha. Ila ukienda juu mpaka hizo kilomita 35,786, mzunguko mmoja unachukua muda uleule dunia inaotumia kujizungusha yenyewe, kwahiyo kwetu huku chini inaonekana imesimama palepale usiku na mchana, japo kiukweli inakwenda kilomita 3 kila sekunde. Mwaka 1962 setilaiti ya Telstar ilipoanza kurusha picha za TV kati ya Marekani na Ulaya haikuwa huko juu, ilikuwa chini zaidi na inapita, wakipata kama dakika 20 za kurushiana kisha imeshazama, na kule Goonhilly, Uingereza, walijenga dishi la upana wa karibu mita 26, uzito zaidi ya tani 1,000, na lote hilo ilibidi lizunguke taratibu kuifuata. Miaka miwili tu baadaye, 1964, setilaiti nyingine, Syncom 3, ikawekwa huko juu inakoonekana imesimama, na picha za Olimpiki ya Tokyo zikavuka bahari ya Pasifiki kwenda Marekani kupitia kwayo. Leo wewe una dishi la sentimita 60 lililofungwa kwa boliti nne, na halisogei. Kila nikifikiria hili nasikia raha.

Na nguvu yenyewe ni ndogo mno. Setilaiti inapokea chaneli kutoka kituo cha ardhini, inazibadilisha masafa, inazikuza, inazirudisha chini kupitia vitu vinaitwa transponda, na transponda moja kwa kawaida inasukuma wati 100 au 150 hivi, yaani glopu moja ya zamani, iko kilomita elfu 36 na inamulika nchi. Kinachofika kwako ni kidogo kupita maelezo. Ndo maana dishi limepindwa vile, linakusanya ule unyevunyevu wa mawimbi unaogonga sahani nzima na kuurusha sehemu moja, pale ilipo LNB, ile wengine wanaiita jicho la dishi. LNB inakuza mawimbi alafu inayashusha kutoka gigahezi 11 au 12 mpaka kati ya megahezi 950 na 2150 (gigahezi moja ni megahezi elfu moja), kwa sababu kebo haiwezi kubeba yale ya juu, yangefia njiani kabla hayajafika sebuleni.

Hapo kwenye kebo kuna siri ambayo inawatesa watu sana. King'amuzi ndo kinachoipa LNB umeme, kupitia kebo ileile ya picha, na kinatumia umeme huo kuiambia kinataka nini. Mawimbi kutoka juu yanakuja ya aina mbili, yaliyosimama na yaliyolala, king'amuzi kikipeleka volti 13 LNB inachukua yaliyosimama, kikipeleka 18 inachukua yaliyolala. Sasa mtu ananunua king'amuzi cha pili cha chumbani, anagawa kebo kwa kile kigawanyio cha bei poa, na kuanzia siku hiyo nyumba haina amani, mtoto akibadilisha chaneli chumbani ya sebuleni inapotea, baba anasema king'amuzi kibovu, mtoto anasema hajagusa kitu. Hakuna kibovu. Mmoja anaomba 13 mwingine 18 na LNB ni moja. Dawa ni LNB ya matundu mawili na kebo mbili zinazojitegemea, dishi linabaki lilelile.

Kulenga nako kuna mambo. Dishi likikosea digrii 2 tu, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 1,200, na huenda hapo umeshaangukia karibu na setilaiti ya watu wengine kabisa. Usidanganyike kwa macho pia, madishi mengi ya nyumbani yana LNB iliyowekwa kwa chini, kwahiyo linaangalia juu zaidi kuliko linavyoonekana, unaweza kudhani linatazama ukuta wa jirani kumbe linatazama mbinguni.

Alafu ukifungua menyu ya king'amuzi utakuta mistari miwili, nguvu na ubora. Tafadhali angalia ubora. Nguvu inaweza kuwa 90 na huna picha, maana LNB inakuza kila kinachoingia hata makelele, ubora ndo unaokuambia kama king'amuzi kinaelewa kinachosikia. Na hapa ndo kosa ninaloliona kila mara: zamani enzi za analogia dishi likilengwa vibaya unaona chenga, kwahiyo unajua. Dijitali haikuonyeshi chenga. Picha inakuwa safi kabisa hata ubora ukiwa chini, hadi ufike mahali fulani, hapo inavunjika vipande vipande, inaganda, inapotea, hakuna katikati. Kwahiyo fundi mwenye haraka analenga mpaka picha itokee, anakunja kebo, anaondoka, na wewe unaona kazi nzuri. Mvua ya kwanza tu, kwisha. Mvua kubwa ni kweli inakula haya mawimbi, urefu wake ni kama sentimita mbili na nusu na matone yanayameza na kuyatawanya, mvua kubwa kweli inaweza kumkatia yeyote. Ila kama kwako inakatika hata kwa manyunyu, shida sio mvua, ni kwamba fundi alikuachia ubora mdogo, ukingoni kabisa mwa shimo. Fundi mzuri atakaa anasogeza milimita kwa milimita hata baada ya picha kutokea, anatafuta ule ubora wa juu kabisa, ndipo anakaza boliti, na anakaza kidogo kidogo kila upande maana kukaza kwenyewe kunaweza kuhamisha dishi. Huyo mpe pesa yake yote na namba yake uitunze.

Kuna siku nyingine TV inapotea dakika kadhaa mchana na jua linawaka vizuri, kesho yake tena karibu muda uleule, baada ya siku chache imeisha. Ikiwa ni karibu na mwezi wa tatu au wa tisa, ni jua limekaa nyuma kabisa ya setilaiti na makelele yake yanaifunika. Usiite mtu, subiri.

Turudi kwenye lile la setilaiti kutokujua, maana ndo linaeleza na malipo. Mawimbi ya chaneli za kulipia yanakufikia hata kama hujalipia, yapo juu ya bati lako sasa hivi. Yamefungwa tu. Unacholipia kila mwezi ni ufunguo, na ufunguo wenyewe unabadilika kila baada ya sekunde chache, kadi iliyo ndani ya king'amuzi ndo inayoukokotoa. Ukilipa kwa simu, king'amuzi chako hakina njia ya kuuliza kama malipo yamefika, kwahiyo kampuni inapeleka ujumbe juu kwa setilaiti, setilaiti inaumwaga kwa wote, ving'amuzi vyote vinausikia na kile chenye namba yako peke yake kinautii. Ndo maana wanakuambia washa na uache kwenye chaneli yoyote. Sio maneno ya kukuzungusha, kweli kama umezima ujumbe unakupita, inabidi usubiri urudiwe au upige simu uombe wautume upya.

Na kuna chaneli ambazo hazijafungwa kabisa, za bure, unahitaji dishi na king'amuzi cha chaneli za bure tu, bila kadi bila kifurushi. Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani, taarifa za habari, dini, muziki, za mataifa mbalimbali, na vituo vya redio pia vinavyosikika safi kabisa. Kabla ya kusaini kifurushi kikubwa mwambie fundi akutafutie kwanza za bure zilizopo kwenye setilaiti unayoweza kuiona, alafu ukae na familia muulizane kinachobaki mnakihitaji kweli au la. Wengi wanalipia mamia ya chaneli na wanaangalia sita.

Watu wananiambia siku hizi intaneti imemaliza habari ya dishi, na kweli, kuchagua filamu saa unayotaka setilaiti haiwezi, kwa sababu haikusikii, labda uwe na king'amuzi chenye diski cha kurekodi. Ila fainali ikichezwa na watu milioni kumi wakawasha kwa pamoja, intaneti inahema, setilaiti haina habari, kwake mtu mmoja na milioni kumi ni sawasawa. Haili bando. Nyumba iliyo peke yake porini na nyumba iliyo katikati ya mji zinapata picha ileile, bila mtu kuchimba mtaro wala kusimamisha mnara. Kwa kaya ambayo waya wa intaneti hautafika leo wala kesho, hiki ni kitu kikubwa sana, watoto wanaona dunia, wazee wanapata habari kwa lugha yao, na kwenye menyu kuna sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri, wazazi wengi hawajaigusa, iguseni.

Nilipomaliza kwa mama mdogo nilimwonyesha ile menyu, nikaandika ubora wa siku hiyo kwenye kipande cha karatasi tukakibandika nyuma ya king'amuzi: 78. Jana kanipigia, safari hii hakusema TV imekufa. Kasema "mwanangu ile namba imeshuka mpaka 51 na leo hakuna mvua, nimetoka nje nimeangalia, ule mti umechipua matawi mapya yamepita mbele ya dishi." Nikamuuliza sasa unafanyaje, akaniambia kijana wa jirani yuko juu ya ngazi na msumeno, yeye yuko dirishani anamsomea namba.