Dodona, si Dodoma

Kosa la herufi moja ndilo lililonifikisha Dodona. Nilikuwa nikitafuta habari za mvua za Dodoma, kidole kikateleza, na mbele yangu likatokea hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, huko Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, ambako watu wa kale walikwenda kumwuliza mungu huyo mambo yao penye mti mtakatifu wa mwaloni.

Delphi, hekalu jingine la Ugiriki la kuulizia miungu, ndiyo yenye sifa kubwa, kwa kuwa wafalme na miji walituma wajumbe huko kuuliza habari za vita. Lakini Dodona imenivutia zaidi, kwa sababu watu wa kawaida waliandika maswali yao kwenye vibamba vyembamba vya madini ya risasi, wakavikunja, na maelfu yake yamefukuliwa. Agis anauliza kuhusu mablanketi na mito aliyoipoteza: je, aliyeiba ni mtu wa nje? Lysanias anataka kujua kama mimba ya Annyla ni yake (kesi ambayo, nakiri, ningeweza kuisikia leo barazani kwetu). Wengine wanauliza wamwombe mungu yupi ili wapate watoto. Majibu yaliyoandikwa ni machache mno.

Bibi yangu, Mgogo wa Bahi, aliwahi kunisimulia jinsi wazee walivyokwenda kwa mganga wa mvua masika yalipochelewa, kwa hiyo nilimsomea swali la Agis. Alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, “Mjukuu wangu, na hiyo mito ilipatikana?” Nikamjibu kwamba kibamba hakisemi.