Begi la spea na kondensa ya Landrova

Jana usiku nimemwaga begi la spea sebuleni nilipange upya, mama watoto akasimama mlangoni akaniuliza hivi wewe una gari au umefungua duka? Sina jibu. Mpira wa feni, kifuniko cha distributa ile inayogawia plagi moto, rota inayozunguka humo ndani, pointi zinazokata na kuunga umeme wake, plagi mbili, hosi ya juu ya rejeta, fyuzi, waya, pampu nzima ya petroli, halafu spana za inchi ambazo simwazimi mtu. Fundi wetu hapa Tabora amezoea gari za Kijapani, anachukua namba 13 anaiweka kwenye nati ya nusu inchi, inaingia ndio lakini inacheza, akikaza anakula kona zote na nati nyingine ya hivyo hupati hapa mjini.

Gari lenyewe ni MGB ya 1969, siti mbili, ya kufunua juu, ilitengenezwa Abingdon huko Uingereza, injini 1798 cc na kabureta mbili za SU. Watoto wa mtaani wanaiita kiatu. Buti lake ukishaweka tairi ya akiba na hili begi basi, mzigo mwingine ukae mapajani, ndio maana asali ya shemeji ya Sikonge niliiacha hukohuko na mpaka leo nasemwa.

Kila spea humo ina mahali pake iliponigomea njiani. Mpira wa feni ni Nzega. Pampu ni ile siku ya Sikonge, iligoma nikaingia chini nikaigonga na kisigino cha kiatu ikaamka, tik tik tik, tukarudi hivyohivyo kila ikizima nashuka na kiatu mkononi. Kwa hiyo nilijiona nimekamilika, hakuna kitakachonitokea ambacho sina dawa yake.

Sasa wiki mbili zilizopita naenda Urambo, lami nzuri, asubuhi bado baridi, kabla sijafika Usoke ikaanza kukohoa, ikapiga baruti mara mbili kwenye ekzosi, ikazima. Nikafungua swichi, pampu ikagonga kidogo ikanyamaza, maana yake mafuta yapo na kabureta zimejaa. Nikatoa kifuniko cha distributa, kijana wa boda aliyekuwa amesimama kushangaa nikamwambia apige stata, nikaona pointi zinawaka kama mtu analehemu. Hapo ni kondensa. Kazi yake ni kuumeza umeme pale pointi zinapoachana ili usirukie hapo, ikifa koili, ile inayokuza umeme wa plagi, haitoi moto wa maana na pointi zinaungua.

Nikafungua pakiti, kondensa mpya kabisa kutoka Uingereza, nikafunga, ikawaka, nikamwangalia yule kijana kama daktari bingwa. Kilomita nne, kwisha. Nilikuwa na ya pili, pakiti ileile, hiyo hata kuwasha haikuwasha. Ile ya zamani iliyotembea miaka niliitupa mwenyewe mwaka jana eti imechakaa, yaani hapo ndio roho iliniuma.

Yule boda alikuwa amenifuata nyuma (nadhani alijua) akasema bro kuna mzee huku ndani ana Landrova. Tukaenda. Landrova ya petroli ya enzi hizo, imekaa chini ya mwembe haina magurudumu, kuku wametaga kwenye siti ya dereva. Nikamsalimia mzee shikamoo nikaongezea Kinyamwezi changu cha kuombea maji, akacheka akasema fungua tu boneti mwanangu usiwasumbue wanaoatamia. Distributa Lucas, kama yangu! Kondensa imejaa kinyesi cha kuku, skrubu moja tu, nikaifuta kwa shati.

Ikawaka kwa stata moja. Mzee hela alikataa, alitaka azungushwe, basi tukazunguka hadi stesheni na kurudi ameshika baraghashia kwa mikono miwili, anapungia mkono kila mtu kisha anakumbuka kofia.

Nimebadili utaratibu tangu hapo. Spea mpya naifunga kwenye gari siku inapofika, natembea nayo mwezi mzima hapa mjini, Ipuli, Kwihara, nikiona inafaa basi ile iliyotoka ndio inakuja begini na masizi yake. Zile mbili za kwenye pakiti nimewapa watoto wachezee. Ya Landrova bado ipo kwenye gari, sijaigusa.

Jumamosi nilimrudia mzee na sukari kilo mbili, nikawa nachungulia chungulia pale kwenye boneti nikamuuliza na rota yake je. Akasema rota nilishamuuzia mtu kitambo, ila kifuniko kipo, hicho kuku anakunywea maji.